Gauni la Kurukia Mtoni

4 Machi

Shoga yangu Breki,

Usishtuke kuona karatasi. Simu yangu siku hizi inakaa kwa mkamwana. Anaipokea yeye, anasoma ujumbe yeye, kisha ananisimulia kwa ile sauti ya kubembelezea watoto. Ukipiga utaambiwa mama amepumzika. Mama hajapumzika. Mama amefura kwa hasira.

Unajua nilipata kizunguzungu dukani nikaangukia marobota ya vitambaa. Daktari alisema ni presha, akanipa vidonge, akasema nimeze kila asubuhi na niendelee na kazi zangu. Mwanangu alikuwa amekaa palepale, akasikia nusu ya kwanza tu. Wiki hiyohiyo akanihamishia kwake. Nimepewa chumba kando ya jiko, godoro zuri, zulia, na kengele. Ndiyo, kengele! Ameitundika ukutani karibu na kitanda, eti nikitaka kitu niipige. Nikitaka maji, kengele. Nikitaka kwenda msalani, kengele.

Hayo ningeyameza. Lakini alipita dukani akachomoa mkanda wa cherehani yangu, akautia mfukoni. Cherehani bila mkanda ni meza tu, Breki. Na mwisho wa Aprili anataka kumpangisha fundi simu mmoja duka langu. Nimeshona mapazia ya nusu ya mji huu, leo naambiwa, "Mama, umefanya kazi ya kutosha." Nani aliyeipima?

Anauza bima ya maisha, unamjua. Kwake kila kitu ni ajali inayosubiri zamu. Nampenda mwanangu, lakini amenikaba.

Niandikie kupitia kwa muuza vitabu wa hapa kona, ataniwekea.

Mwenzio anayetoka moshi,
Sindano

*

11 Machi

Sindano we,

Kengele? Wewe mbuzi?

Nimecheka, kisha nikanuna siku nzima. Mwanafunzi wangu wa leo alizimisha gari katikati ya makutano akaanza kulia, nami badala ya kumtuliza nilikuwa nawaza hiyo kengele yako. Unajua gari la kufundishia lina breki ya pili upande wa mwalimu. Nimeendesha malori maisha yangu yote, watu wakanipa jina hili kwa kunikejeli kwa sababu sikuwa nikiigusa. Sasa kazi yangu ni kukaa upande wa abiria na kuikanyaga. Nimechoka kukanyaga breki, mwenzangu.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita nilipeleka gari la mteja upande wa kwetu. Nikapita karibu na lile daraja la reli la mtoni. Treni haipiti tena, nyasi zimeota katikati ya vyuma, lakini watoto bado wanaruka kutoka pale juu, wanaingia mtoni, wanaibuka wakipiga kelele vilevile kama kaka zetu. Unakumbuka tulivyokaa chini na mabeseni ya nguo tukiwatazama? Tulikuwa tunaogelea kuwashinda wote. Lakini wasichana hawaruki, tuliambiwa. Sketi zitapeperuka.

Niliteremka garini nikauliza wachimba mchanga. Wanasema maji ya katikati ni marefu, hakuna jiwe, baada ya mvua ndiyo salama zaidi. Mvua mwaka huu imewahi, inaisha mwezi huu.

Twende. Mimi na wewe. Tupande, turuke, tutoke, tukale. Nani atatuzuia? Mama zetu hawapo.

Breki

*

17 Machi

Breki,

Una wazimu. Nilisema hivyo kwa sauti, mjukuu akaniuliza nani ana wazimu, nikamwambia ni rafiki yangu wa utotoni na kwamba ugonjwa wenyewe unaambukiza.

Nakuja.

Nimelifikiria sana nikiwa nimelala ninatazamana na ile kengele. Nisikufiche, naogopa. Lakini nimejiwekea sharti. Nikiruka lile daraja, nitarudi nikadai mkanda wangu na duka langu bila kumwomba mtu. Nikishindwa, nikiteremka kwa miguu niliyopandia, basi nitaipiga hiyo kengele na kunyamaza maisha yangu yaliyobaki.

Jambo moja, na hapa sibishani. Nguo nashona mimi. Nina mjukuu na nywele nyeupe, siwezi kuruka gauni likanifunika uso, watu wakaona mpaka siku niliyozaliwa. Tutavaa magauni marefu, ya mikono, zipu mgongoni. Na hilo la kupeperuka nimeshalipatia dawa. Usiniulize, ni mambo ya ufundi. Hata kije kimbunga, halitapanda juu ya kifundo cha mguu.

Nashona kwa mkono mtoto akilala mchana. Mkamwana anadhani ni mapazia ya jikoni, ananisifu kwa kutulia. Mwanangu nitamwambia naenda kumjulia hali binamu.

Nitumie vipimo vyako, na usidanganye kiuno.

Sindano

*

22 Machi

Fundi wangu,

Vipimo viko nyuma ya karatasi hii. Kiuno ni hichohicho, ukicheka nitajua.

Tukutane Jumamosi kituo cha basi, mlango wa mbele, asubuhi. Usibebe mzigo, usibebe kengele. Goti langu linauma nikipanda ngazi lakini kuteremka hewani halitakuwa na kazi.

Na nikuonye mapema: ukifika pale juu ukaanza kunitolea macho na visingizio, nitakusukuma mwenyewe kwa mkono huu.

Breki

*

3 Aprili

Mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini unaendelea vizuri tangu utoke hospitali. Niliwapigia wauguzi wakaniambia mapafu yamesafika. Nashukuru kwa hilo, kweli kabisa.

Mama mdogo, nakuheshimu. Ulinifundisha kuendesha gari bila kunitoza chochote. Lakini nitasema lililo moyoni. Mama aliniambia anaenda kwa binamu. Mimi nikaja kuonyeshwa picha ofisini, na mfanyakazi mwenzangu, kwenye simu: mama yangu amekaa kwenye mchanga na shimizi iliyolowa, wanaume wamemzunguka, kichwa chako kiko mapajani mwake. Sikujua hata ni nani mzima na nani maiti. Niliendesha mpaka huko sioni barabara.

Tangu arudi hasemi. Nikimuuliza ilikuwaje, anageukia ukuta. Nikatafuta katika vitu vyake, naomba radhi, nikaipata barua yako. Umeandika kwa mkono wako mwenyewe: "nitakusukuma". Sasa nimeelewa kwa nini aliingia mtoni nusu uchi. Hakuruka. Alisukumwa, au alikuwa anakukimbia.

Baba alitoka asubuhi mzima, jioni tukaletewa viatu vyake. Sina mama wa akiba. Unaniona mkali, sawa, nitakuwa mkali.

Mwisho wa mwezi fundi simu anaingia dukani. Nakuomba umwandikie mama umwambie imetosha. Mimi hanisikii. Wewe atakusikia.

Mwanao

*

8 Aprili

Sindano,

Mwanao ameniandikia. Usimkasirikie. Ana haki.

Nimekaa na barua yake siku kadhaa nikitafuta matusi ya kumjibu, sikuyapata. Nikuambie ninachokumbuka. Pale juu ulikuwa umeshika chuma kwa mikono miwili, nami nikakwambia, tazama, ni rahisi hivi, nikaruka. Nilipiga yowe, ulinisikia? Shoga, ule muda wa hewani, sijawahi kuwa huru namna ile, hata barabarani usukani ukiwa wangu. Kisha maji. Nikaenda chini, nikasema sasa nipige miguu nipande. Miguu ikakataa. Nilipiga, haikwenda. Ilifungana yenyewe kwa yenyewe kama si yangu, nami nikawa nazidi kwenda chini. Nikawaza, ala, kumbe ndiyo hivi. Goti limenisaliti. Kumbe kweli nimezeeka.

Baada ya hapo ni mchanga mdomoni na uso wako.

Nimerudisha ufunguo wa gari la kufundishia. Mwenye chuo alishangaa, nikamwambia mtu ambaye miguu yake inamkana hana haki ya kukaa karibu na breki ya mtoto wa mtu. Sasa nakaa nyumbani. Nasikiliza redio.

Mwanao anaamini nilikusukuma. Mwache aamini, sina nguvu za kubishana. Mpe hilo duka. Tulitaka kuwaonyesha, tukaonyeshwa sisi. Ukihitaji kitu, piga kengele, hakuna aibu.

Rafiki yako

*

13 Aprili

Breki!

Usinisainie "rafiki yako" kama barua ya benki. Saini jina lako. Na huo ufunguo kaurudishe mkononi mwako leo hii, kwa sababu goti lako halina kosa. Miguu yako haina kosa. Uzee hauhusiki hata kidogo. Ni mimi.

Nilitia vyuma.

Vile vyuma vidogo vya kushonea ndani ya pindo la pazia ili litulie. Ndiyo dawa niliyokuambia usiulize. Pazia la kawaida nalitia kimoja kila pembe. Magauni yetu niliyatia vile vizito nilivyobakiza kwenye mapazia ya ukumbi wa mikutano, pindo zima kuzunguka, viwiliviwili, nikavishonea kwa uzi wa kushonea viatu visichomoke. Nilifikiria upepo, Breki. Nilifikiria macho ya watu. Maisha yangu yote kazi yangu ni kitambaa kutulia. Hayo maji hayakunipitia akilini hata mara moja! Mimi, niliyekulia mtoni!

Sasa sikia upande wangu. Nilikuwa pale juu nimeshikilia chuma, kweli naogopa. Ukaruka. Gauni likashuka nawe limenyooka, halikuinuka hata kidole. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema kwa sauti, "Limetulia!" Nilijisifu, mwenzio anazama.

Nikakungoja uibuke. Maji yakafunga. Ndipo nikaelewa nimefanya nini. Lile gauni lilikuwa limekuzungukia miguu na kukufunga kama mzigo. Nami nilikuwa nimevaa ndugu yake. Sikumbuki kufungua zipu, nadhani niliipasua. Nililitupa pale darajani, wachimba mchanga wanatazama, watoto wanatazama, na nikaruka na shimizi. Hakuna aliyenisukuma. Ule mkasi mdogo wa kukatia nyuzi ninaouvaa shingoni, ambao mwanangu husema utanichoma siku moja, ndio uliokuokoa. Nilishika kitambaa nikakata kutoka kiunoni mpaka chini, nikakuvuta kwa nywele. Gauni lako liko huko chini mpaka leo. Nadhani limetulia.

Kwa nini sikusema? Kwa aibu. Sijawahi kurudishiwa kazi na mteja, halafu kazi moja niliyomshonea mtu ninayempenda ikataka kumuua. Nikadhani nikisema nitakupoteza. Nikanyamaza, na kumbe kimya changu ndicho kinachokuzika, na mwanangu anakitumia kufungia duka. Nimekukosea mara mbili. Ya kwanza ni ujinga, ya pili ni woga.

Nitukane unavyotaka. Lakini usikae nyumbani na redio.

Sindano

*

17 Aprili

Sindano, mshenzi mkubwa wewe,

Vyuma! Umeniviringisha vyuma kama pazia la ukumbi!

Nilitupa barua yako ukutani. Nikaiokota, nikaisoma tena, nikaitupa tena. Jirani akaja kuuliza kama nimefiwa. Unajua umenifanyia nini? Si mtoni. Mtoni nimekusamehe, ulinitoa. Ni hizi siku za baadaye. Nilikuwa naamka asubuhi natazama miguu yangu kama watu wawili walionisaliti. Nilianza kushika ukuta nikitembea, mimi! Na wewe ulikuwa unajua. Hilo limeniuma, na litaniuma kwa muda, nakwambia kusudi ujue.

Kisha nikatoka uani, nikachuchumaa, nikainuka. Nikachuchumaa tena, nikainuka. Goti likalia kidogo, likanipandisha. Nikaanza kucheka peke yangu, jirani akakimbia kwake. Na mchana huohuo nikaenda chuoni kuchukua ufunguo. Mwenye chuo alikuwa hajampa mtu, anasema alijua ni homa tu. Leo nimefundisha, nimekanyaga ile breki ya pili kwa mguu wa goti baya, na gari likasimama pale nilipotaka.

Eti "Limetulia!" Nitakutania na hilo mpaka kaburini.

Ukitaka tumalizane, mambo mawili. Mwambie mwanao ukweli, wewe mwenyewe, kwa maneno yako. Sitabeba jina la msukumaji. Na unanidai... la, nakudai mimi, gauni.

Breki, na usisahau

*

21 Aprili

Mwanangu,

Barua hii nimeiacha chini ya kengele. Nimeichomoa ukutani, misumari iko kwenye kisahani, usije ukakanyaga.

Uliniuliza ilikuwaje, nikageukia ukuta. Sasa nakugeukia. Mama yako mdogo hakunisukuma. Mzaha ule wa "nitakusukuma" ni wa watu waliochota maji pamoja. Aliyekosa ni mimi: nilitia vyuma vya pazia kwenye gauni lake kwa kuogopa macho ya watu, akazama. Nikavua langu mbele ya hao watu niliokuwa nawaogopa, nikaruka, nikamtoa. Picha uliyoonyeshwa, usiionee aibu. Huyo mwanamke mwenye shimizi ametoka kufanya kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya, na ameiweza. Akikuonyesha tena mtu, mwambie, ndiyo, ni mama yangu.

Najua unaogopa. Nilikuwepo vilipoletwa vile viatu, nilivipokea mimi. Lakini baba yako hakufa kwa kufanya kazi wala kwa kuruka daraja, alikuwa anavuka barabara kwenda kununua gazeti. Hakuna bima ya hilo, na wewe unayeziuza unajua.

Umenipenda kwa namna ile niliyompenda Breki kwa lile gauni. Ulitaka nitulie. Nusura unizamishe.

Mkataba wa duka una jina langu. Mwambie fundi simu atafute kwingine. Vidonge nimebeba, nitavimeza kila asubuhi kama daktari alivyosema, pamoja na ile nusu ya pili ambayo hukuisikia. Jumapili njooni kwangu mle chakula. Mwambie mkamwana nitaipitia simu yangu kesho.

Mama

*

29 Aprili

Breki,

Nakuandikia juu ya meza ya kukatia, kuna vumbi la chaki na vipande vya nyuzi, utavikuta ndani ya bahasha. Simu nimeipata lakini nimezoea karatasi.

Mwanangu alikuja jana. Alisimama mlangoni kama mteja asiyejua bei. Mimi nilikuwa nashona, cherehani inanguruma, akatazama gurudumu linavyozunguka akashangaa. Nilikuwa nimeshanunua mkanda mwingine siku ileile niliyotoka, sikumngoja. Akatia mkono mfukoni akautoa ule wa zamani, ameuviringisha vizuri, amekuwa akitembea nao muda wote huo. Akasema, "Nimekuletea, mama." Nikamwambia auweke kwenye droo, utakuwa wa akiba. Akauweka. Kisha akakaa kwenye marobota, akafunika uso, akalia, nami nikazima cherehani nikamshika kichwa. Alipoondoka aliniuliza maji ya pale darajani yana urefu gani. Nikamwambia yanatosha.

Aliuliza pia kama tutarudi. Nikasema Jumamosi. Akauliza kama anaweza kuja kusimama ukingoni na taulo. Nimemkubalia, ila asifungue mdomo.

Magauni yetu yako tayari. Lako la kijani, langu jekundu, mafupi, yanaishia magotini, mapana uweze kupiga miguu. Nimekunja pindo mara moja tu, nimepitisha uzi, basi. Shika ulipapase utakapofika kituoni, na hata kwa meno ulitafune ukitaka, hutakuta kitu ndani.

Na safari hii natangulia mimi. Likipeperuka, lipeperuke. Aliyekuja kutazama, atazame.

Sindano